Chupa Iliyochukuliwa Kibandani

Siku ya tatu chupa ilikutwa tupu, na kizibo chake hakijaguswa.

Nélida aliishusha kutoka juu ya paa la gari, akaipindua. Hata unyevu haukuwamo. Lilikuwa jua la Desemba, na huko La Rioja jua la Desemba hupasua udongo wa kuta, lakini jua halinywi maji yaliyofungiwa ndani ya chupa. Alilijua hilo. Hakumwambia mtu. Aliijaza tena, akairudisha juu.

Gari lilikuwa la mumewe Eleuterio, aliyefariki mwezi wa Agosti, Mungu amrehemu. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya, na sakafu ilikuwa na tundu ambalo kwalo ungeweza kuona barabara ikipita. Hakuna aliyelitamani. Hata hivyo ilikuwa lazima liuzwe. Mirta, binti yao, alikuwa na mimba ya miezi minane na mtoto alilala upande. Mkunga alisema bila kuzungusha maneno: akijifungulia hapa, mtazika wawili. Apelekwe mjini kabla ya Krismasi, apangiwe chumba karibu na hospitali, angojee huko. Mume wa Mirta alikwenda kusini kuchuma matunda na hakuandika barua. Nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Fermín, mdogo wa marehemu, ndiye aliyejitwika kazi hiyo.

"Shemeji, gari kuukuu halitaki hotuba," alimwambia. "Ukilisifia, watu wanashtuka. Weka chupa ya maji juu ya paa, liegeshe kando ya barabara, kaa kivulini. Kila apitaye atajua linauzwa. Mwenye shida atasimama mwenyewe."

"Na asiposimama?"

"Basi tutalitangaza redioni. Na redio ikishindwa, yupo Sosa wa vyuma chakavu. Sosa ananunua hata kitanda cha maiti."

"Fermín, heshimu wafu."

"Nawaheshimu, shemeji. Wao ndio hawanisumbui."

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, walifunga milango na madirisha kama kila nyumba ya sehemu zile, wakalala hadi jua lipungue. Saa hiyo hakuna atembeaye nje. Hata mbwa hawabweki. Nélida alikuwa amejinyoosha, rozari mkononi, aliposikia koo la mtu likigugumia maji. Lilimeza polepole, likapumua, likameza tena. Alichungulia kwenye ufa wa dirisha. Barabara ilikuwa nyeupe na haina mtu. Gari lilikuwa peke yake, ila upande wa kiti cha abiria lilikuwa limeinama, kama linavyoinama likipandwa na mtu mzito, na kupitia ufa ule iliingia harufu ya jasho la punda na ngozi kuukuu.

Hawakuwa na punda. Alisali Baba Yetu mara tatu, na hakulala.

Tangazo la redio halikuleta mtu. Sosa alikuja Jumatatu na lori lake. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akafunga mnyororo mbele. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaufunga upesi.

"Mama," alisema, sauti yake ikiwa chini, "mshushe kwanza huyo mzee."

"Mzee gani?"

Sosa alimtazama Nélida, akatazama kile kiti, akamtazama tena. Alifungua mnyororo.

"Samahani. Hata bure silichukui," akasema, akaondoka bila kunywa chai aliyokwisha miminiwa.

Fermín alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Asubuhi ya pili alisema watampeleka Mirta kwa gari lilelile na watatafuta mnunuzi huko huko mjini. Alijaza rejeta mpaka juu. Walipofika kilomita ya tatu moshi ulitoka. Alipofungua boneti, rejeta ilikuwa kavu kabisa, na chini barabarani hapakuwa na tone hata moja. Alimimina madumu mawili, na walirudi kwa mwendo wa kinyonga, Mirta akiwa nyuma ameshika tumbo, akiuliza kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, nani anakohoa hapo mbele?" na mbele alikuwapo Fermín peke yake.

Tangu siku hiyo kile kilichokuwa nje kiliingia ndani. Mtungi uliojazwa asubuhi ulikutwa na ukoko wa chumvi saa sita, ndoo ya kufulia ilikauka nguo zikiwa bado zimelowekwa, maji ya baraka kwenye kibakuli cha ukutani yaliacha alama nyeupe tu, na Mirta, midomo imepasuka, alikunywa kikombe baada ya kikombe akilia kwamba maji hayamfiki, kwamba yanaishia kooni, kwamba kuna mwingine anayeyapokea kabla yake, na kila adhuhuri, mlango ukiwa na komeo, walisikia miguu mizito ikitoka upande wa gari, ikivuka ua, ikisimama kando ya kitanda chake.

Ndipo Nélida alipomwita bibi Petrona, mwanamke aliyetibu kwa sala na majani. Petrona hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja garini, akaishusha chupa, akainusa.

"Hii imetoka wapi?"

Fermín alitazama viatu vyake. "Kwenye kibanda cha Gaspar."

Nélida alishika mdomo. Gaspar alikuwa mwendesha mkokoteni wa siku za zamani, aliyevunjikiwa na gurudumu katika nyika na kufa kwa kiu huku wasafiri wakimpita. Watu walimjengea kibanda pale alipoangukia, na hadi leo kila msafiri humwachia chupa ya maji na kuiombea roho yake.

"Zilikuwa mamia, bibi," Fermín alisema. "Nilikuwa sina chupa. Nikasema moja hatagundua."

"Ungekunywa, asingekasirika. Yeye ndiye anayeijua kiu. Lakini wewe umekwenda kutafuta wateja kwa maji ya marehemu." Alimrudishia. "Kairudishe leo, pamoja na nyingine kumi na mbili, kwa magoti."

"Na gari?" Nélida aliuliza.

"Hilo amekwisha panda. Lisukumeni kwenye uwanda wa chumvi, lioze huko. Atakayelichukua, anamchukua naye."

"Bibi, bila gari hilo binti yangu atakufa."

Petrona alimshika bega. "Mwombe Mungu, mwanangu," alisema.

Fermín alirudisha chupa na zile kumi na mbili, na magoti yake yalirudi yakivuja damu. Maji nyumbani yaliendelea kukauka. Lakini gari hakulisukuma. Asubuhi alipanda juu ya kiti, akaweka debe tupu la oili juu ya paa, pale ilipokuwa chupa. Nélida alimwona akifanya hivyo. Aliendelea kufagia.

Kabla ya saa nne walisimama vijana wawili waliotembea kwa miguu, Waldo na mkewe Noemí, na mtoto mchanga mgongoni. Lori lao dogo lilikuwa limekufa njiani. Walikuwa wanavuka uwanda wa chumvi kwenda kwenye kazi mpya upande wa pili.

"Linakwendaje hili, mzee?" Waldo aliuliza.

"Linakwenda kwa neema ya Mungu, kama wewe na mimi," Fermín alisema.

Waldo alicheka, akaanza kuvuta bei chini. Noemí hakucheka. Alimwendea Nélida, akasimama karibu naye.

"Mama, wanaume wakiuza gari hawasemi kweli. Niambie wewe. Nina huyu mtoto. Lina ubaya wowote?"

Nélida alimtazama mtoto. Alikuwa amelala, kofia ya sufu imeteremka jichoni. Kisha akamtazama Mirta, aliyejishikiza mlangoni kwa mikono miwili.

"Lilikuwa la mume wangu," akasema. "Alilipenda sana."

Halikuwa neno la uongo. Noemí alimshukuru, akambusu shavuni, na Waldo akamhesabia Fermín pesa. Alifungua mlango wa mbele, akasita, akaufunga, akaenda kukaa nyuma na mtoto. Gari liliondoka limeinama upande mmoja.

Jioni ile mtungi ulibaki umejaa. Mirta alikunywa, akashiba, akalala. Basi la Alhamisi liliwapeleka mjini, na siku mbili kabla ya Krismasi daktari alimtoa mtoto kwa kisu, msichana mzima mwenye sauti kubwa. Nélida alipiga magoti sakafuni mwa hospitali kumshukuru Mungu. Maneno hayakuja.

Mwezi wa Januari redio ilisema limepatikana gari kwenye uwanda wa chumvi, boneti wazi, na nyayo zinazozunguka. Fermín aliizima kabla habari haijaisha. Hawakutazamana.

Mchana wa siku ile, nyumba yote ikiwa imelala, mlango uligongwa taratibu, kama agongavyo mtu mwenye adabu.

"Mama," sauti ilisema. "Maji kidogo."

Nélida alifungua. Noemí alikuwa amesimama kizingitini, chumvi imempanda mpaka magotini, mtoto mgongoni, kofia imemfunika uso. Nyuma yake, barabarani, Waldo alikuwa amechuchumaa, mgongo ameugeuza. Nélida alimpa kikombe. Noemí alikunywa bila kupumua, na maji hayakuulowesha mdomo wake. Nélida alimpa kingine, na kingine, mpaka mtungi ukaisha, kisha akaanguka chini, akaanza kuisali sala ya kufukuza roho, macho ameyafumba, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Noemí alisali pamoja naye, neno kwa neno, kwa sauti kavu. Walipofika mwisho aliitikia amina, akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha kikombe.

"Na cha mtoto, mama."