Mahindi ya Nyandwi na Tembo wa Wageni

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Deodata alibeba kaa la moto juu ya kigae mpaka ukingoni mwa mashamba ya Nyamahanga. Hapo palikuwa na rundo la kinyesi kikavu cha tembo kilichochanganywa na pilipili kali. Moshi wake ulikaba koo hata la mtu mzima, na tembo wakiunusa waligeuza njia. Kisha aligonga debe. Wanakijiji walifanya kazi hiyo kwa zamu, na wiki ile zamu ilikuwa ya nyumba ya baba yake, Gaudence.

Shamba lililopakana na msitu lilikuwa la Nyandwi, mama aliyekimbia vita Burundi na watoto wake wawili. Gaudence ndiye aliyemwazima kipande hicho. Mahindi yalikuwa yamebeba vizuri, na Nyandwi aliyategemea yamtoe kwenye foleni ya mgao wa kambini.

Siku hizo walikuja wageni kutoka Norwei, Bibi Ingrid na mumewe. Walikuwa wamesafiri mbali kuleta mablanketi kwa wakimbizi wa Ngara, na kabla ya kurudi kwao walitamani kuwaona tembo. Walizunguka msituni mpaka wakachoka, wakaambulia nyayo tu.

"Kesho wanaondoka," Mwalimu Pancras aliwaambia wanafunzi. "Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakiondoka na furaha, huenda wakalikumbuka darasa letu lisilo na paa."

Deodata, mtoto wa kupenda kusifiwa, alimfuata nje.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi najua tembo wanapopita. Walete wageni jioni ukingoni mwa mashamba."

"Marahaba. Una hakika?"

"Nina hakika, Mwalimu."

Jioni ile hakuwasha moto, na debe alilisukuma uvunguni mwa kitanda. "Wageni wakishawaona, nitawafukuza," alijiambia. Maskini, alidhani tembo ni mbuzi!

Jua lilipoinama, tembo walitoka msituni, mama mbele na mtoto ubavuni. Bibi Ingrid, akiwa amesimama juu ya gari la misheni, alishindwa kuyazuia machozi ya furaha. Mwalimu alimpigapiga Deodata begani. Mara tembo mama akanyoosha mkonga, akang'oa mhindi wa kwanza, na wenzake wakamfuata.

Deodata alitimua mbio kuchukua debe. Aliporudi, majirani walikuwa wamekwisha kuwafukuza kwa kelele, lakini shamba la Nyandwi lilikuwa limelala chini.

"Mana yanje! Ibigori vyanje!" Nyandwi alilia kwa Kirundi, akimwita Mungu wake huku akiyaokota mahindi yake yaliyopondwa.

Jirani yao Kazimili alifoka, "Leo moshi haukuwepo! Nyandwi, wewe ndiye uko karibu. Hukuona? Au ulilala?"

"Nimekosa, ndugu zangu," Nyandwi alijibu kwa sauti ndogo. "Nitarudi kambini na watoto."

Maneno hayo yalimchoma Deodata. Mtu aliyeporwa ndiye anayeomba radhi! Alisogea katikati, akasema mbele ya wote, "Si yeye. Ni mimi. Niliacha kuwasha moto makusudi, ili wageni waone tembo."

Watu wote walimgeukia. Mwalimu aliwatafsiria wageni huku akitazama chini, maana aibu ilimgusa naye. Bibi Ingrid alishuka garini.

"Nimekuja kuwasaidia waliokimbia," alisema, "na furaha yangu imekula chakula chao."

Wageni hawakuondoka kesho yake. Walishika majembe pamoja na Deodata, wakapanda maharage, kwa kuwa mvua zilikuwa bado zinanyesha. Gaudence alimkatia Nyandwi sehemu ya mahindi yake mwenyewe, ili asirudi kambini. Darasa lilibaki bila paa mwaka ule.

Mchana Nyandwi alichoma mahindi machache yaliyonusurika, akampa kwanza Bibi Ingrid. Mgeni alitikisa kichwa, akakataa.

"Kula, mama," Nyandwi alimhimiza. "Haya ni yangu. Nakupa mwenyewe."

Bibi Ingrid alipokea kwa mikono miwili.

Gaudence akamgeukia binti yake. "Umeona, mwanangu? Ukarimu ndio huo. Jana wewe uliwakirimu wageni kwa jasho la mtu ambaye hata hukumbishia hodi. Ukitaka kutoa, toa kilicho chako, hata kama ni kidogo."