Usufi wa Bure

Mstari mmoja kwenye daftari la Marsini ulikuwa umebadilika.

Mama huyu, fundi wa viti, aliandika kila kilichoingia ndani ya Fiat yao ya mwaka 1959: ngozi, springi, zulia, na bei zake kwa rupia. Jumamosi gari hilo lingempeleka binti yao Wening kuolewa, na Marsini hakutaka fundi yeyote pale mjini Salatiga apate cha kucheka.

"Usufi, kilo sita." Mahali pa bei mumewe Pardi aliandika "bure". Sasa neno lile limekatwa, na chini yake, kwa wino wa rangi ya udongo, pameandikwa: "Bibi harusi."

"Baba Wening, utani gani huu?"

Pardi akachungulia. "Si mwandiko wangu."

"Usufi uliutoa wapi?"

"Kwenye... ule msufi wa makaburini."

"Ulipiga hodi?"

"Nilikuwa na haraka, mke wangu."

Kwetu hata mtoto anajua kwamba mti ule una mwenyewe, huokoti hata jani bila kuomba. Marsini alitaka kumpa vidonge vyake, lakini springi za kiti cha nyuma zikalia, taratibu, ngozi mpya ikabonyea kama inakaliwa na mtu mzito, na harufu ya kaburi lililochimbwa asubuhi ikajaa karakana nzima mpaka Pardi akaanza kurudi kinyumenyume, akinong'ona dua asizozimaliza.

"Tumwite kiai," akasema kwa sauti ya chini. "Shehe kama yeye atajua la kufanya."

"Hatumwiti mtu!" Hasira ya Marsini iliizidi hofu. Akashika kisu cha kukatia ngozi. "Wewe uliyekaa hapo, sikia. Mume wangu kakosa. Usufi wako utaupata wote. Lakini mwanangu si bei ya kitu!"

Akakichana kiti. Usufi ulitoka na joto. Wakaupeleka makaburini, wakapiga hodi, wakaumwaga chini ya mti. Jioni kiti kikajazwa makumbi ya nazi, ya kununua, yenye risiti.

Ijumaa mchana akafungua daftari akitabasamu. "Bibi harusi" halikuwepo tena. Badala yake: "Zimepokelewa kilo tano na nusu."

Tabasamu likamfia. Akakimbilia chumbani. Wening alikuwa amejipumzisha, shavu juu ya mto mdogo ambao baba yake alimshonea kwa mabaki ya usufi ule. Mto ulikuwa unahema.

 Marsini alirudi karakanani kuchukua kisu.