Hadithi Saba za Maji na Kiu ya Baba

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaitazama chupa ya baba kabla hajamtazama baba mwenyewe. Ilikaa juu ya meza ya cherehani, chupa ya nusu lita iliyochorwa mistari kwa kalamu ya wino mzito: wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Mama aliijaza alfajiri kabla ya kwenda kazini kwenye tanuri la mikate, na hayo ndiyo yalikuwa maji yote ya baba mpaka kesho yake. Figo zake zilikuwa zimeacha kazi. Kila Jumatatu asubuhi na kila Ijumaa alikwenda hospitali kulala kando ya mashine iliyomsafisha damu na kumtoa maji yaliyozidi, maana mwili wake haukuweza tena kuyatoa wenyewe.

Jina la Chiriku alipewa na baba huyo huyo, kwa kuwa alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Baba alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Zamani walishindana, mtoto kwa mdomo na baba kwa cherehani, nani ataijaza nyumba kelele. Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Kazi ya Chiriku mchana ilikuwa kumpa baba vidonge vyake, kisha kumsomea.

Muhula huo darasa lao lilikuwa likisoma mkusanyiko wa hadithi fupi saba. Kila hadithi ilikuwa na watu wake na mahali pake, ila maji yalipita katika zote. Moja ilihusu ndugu wawili waliogombea kisima hadi wakakifukia kwa hasira. Nyingine ilihusu mafuriko yaliyolibeba duka la mwanamke mmoja yakamwachia mlango tu, umesimama peke yake. Ya tano ilisimulia kijana aliyerudi nyumbani kumwogesha baba yake mgonjwa, ambaye hawakuwa wakisemezana kwa miaka mingi. Mwalimu wa Kiswahili aliwataka waandike uhakiki: maji yanaashiria nini katika kitabu kile?

Baba alikipenda kitabu hicho kuliko mtoto aliyepewa kazi ya kukihakiki. Siku moja, akimsomea, Chiriku aliwapa wale ndugu wawili ngumi kadhaa ambazo mwandishi hakuwapa.

"Hapo umetia chumvi," baba akasema. "Na mimi chumvi nimekatazwa."

Wakacheka wote wawili.

Joto lilipoingia, vicheko vikapungua. Bati la nyumba lilialika kwa jua, na chupa ikawa tupu kabla ya saa sita mchana. Baba alikaa akilamba midomo iliyopasuka. Chiriku alijaribu kuruka sentensi zilizotaja maji, akaona kwamba akiziruka, hadithi zinabaki mifupa mitupu. Akasoma kama zilivyo, kwa sauti ya chini, akiona aibu kana kwamba anakula mbele ya mtu mwenye njaa.

Jumatatu mchana alimaliza uhakiki wake, ukurasa mmoja, akamsomea baba. "Katika hadithi zote saba, maji ni ishara ya uhai. Anayempa mwenzake maji amempa uhai."

Baba aliitazama chupa tupu. "Umeandika vizuri," akasema. "Sasa, mwanangu, nipe funda moja."

"Lakini mama amesema..."

"Nimesikia alichosema mama yako. Na daktari nimemsikia." Hakuinua sauti. "Funda moja tu. Ulimi umeshikana na kaakaa."

Chiriku alisimama mlangoni pa jikoni hajui ashike lipi. Kukataa kulimuuma, kukubali kulimtisha. Mwishowe akajaza kikombe. Baba alikishika kwa mikono miwili, akanywa amefumba macho, na mabega yake yakalegea. Chiriku akapata furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ugonjwa uingie nyumbani mwao. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kumfanyia baba yake.

Jumanne vilikuwa vikombe vitatu. Jumatano hakuvihesabu. Mama aliporudi, unga ungali umeganda kwenye kucha, aliikuta chupa ina maji mpaka mstari wa jioni. Chiriku alikuwa ameyaongeza mwenyewe.

"Leo amejitahidi," mama akasema, akampapasa binti yake kichwani. "Na wewe pia."

Chiriku aliinama, akaanza kukusanya vitabu vyake.

Alhamisi alimkuta baba ameketi kitandani, miguu imevimba, viganja vimeshika ukingo wa godoro. Hakuweza kulala chali. Alipumua kwa shida, kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Chiriku alikimbia hadi kwenye tanuri kumwita mama, akakimbia naye kurudi, na muda wote huo miguu ilionekana kukanyaga mahali pale pale.

Kwenye gari la kwenda hospitali, mama alimgeukia. "Umempa maji mengine?"

"Hapana, mama."

Jibu lilimtoka upesi kabla hajalifikiria. Baba alimtazama, akataka kusema neno, lakini pumzi haikumtosha hata kwa hilo.

Hospitalini walimpima uzito. Alikuwa ameongeza kilo tano tangu Jumatatu. Walimvika barakoa ya hewa, na muuguzi aliyemzoea akaanza kuandaa mashine. Daktari alisoma karatasi mara mbili.

"Anakunywa nusu lita kwa siku, sivyo?"

"Nusu lita kamili, daktari," mama alijibu. "Chupa naikagua mwenyewe kila jioni."

"Basi tatizo si maji anayokunywa. Huenda moyo umeanza kushindwa. Tutamwanzishia dawa ya moyo sasa hivi." Akachukua kalamu.

Chiriku alikuwa amebanwa kati ya ukuta na kitanda. Alimwona mama akiapa kwa moyo mweupe juu ya jambo la uongo. Alimwona baba, macho yamemtoka juu ya barakoa, akitikisa kichwa, na hakuna aliyemwelewa. Mtu pekee mle ndani aliyekuwa na pumzi ya kusema ukweli alikuwa yeye. Akajikaza kisabuni.

"Daktari, usiandike. Nilimpa maji, vikombe vingi, tangu Jumatatu. Halafu niliijaza chupa ili mama asijue."

Kalamu ikasimama. Mama hakumfokea. Alikaa tu kwenye benchi kama mtu aliyekatwa nguvu, akaitazama mikono yake.

"Vikombe vingapi?" daktari akauliza.

"Sijui. Jana sikuhesabu."

Daktari aliikunja karatasi. "Dawa ile ingemshusha presha akiwa kwenye mashine. Umesema kwa wakati. Sasa tokeni, tufanye kazi."

Saa nne nzima walikaa kwenye korido, mama huku, mtoto kule. Kupitia kioo cha mlango Chiriku aliona mirija yenye damu na taa ndogo za mashine, na hakuna hata kimoja alichoweza kukisukuma au kukisaidia. Aliuliza mara mbili kama baba atapona. Mara zote mbili muuguzi alijibu, "Tunaendelea." Baada ya muda mama aliinua upindo wa khanga yake, na Chiriku akasogea akajibanza chini yake.

Giza lilikuwa linaingia walipoitwa. Baba alikuwa anapumua vizuri, amechoka. Muuguzi alimweleza Chiriku la kufanya siku za joto: kumpa baba maji ya kusukutua na kutema, na kipande kidogo cha barafu cha kumung'unya, kitolewe katika kipimo kile kile cha siku.

"Uhakiki wangu si kweli," Chiriku akamwambia baba. "Niliisoma hadithi ya mafuriko kwa mdomo wangu, halafu nikaandika kwamba katika zote saba maji ni uhai."

"Utauandika upya," baba akasema polepole. "Lakini kosa la kwanza ni langu. Mimi ni mtu mzima, nikakubebesha siri isiyo ya mtoto. Sikiliza. Huruma uliyokuwa nayo ilikuwa nzuri. Kilichotaka kuniua ni kuificha, kwa sababu daktari hutibu kile anachoambiwa. Ukikosea tena, sema siku hiyo hiyo, hata uso ukiwaka kwa aibu. Na mimi nikikuomba tena, nikatalie, halafu usiniache peke yangu."

Mama aliitikia kwa kichwa, akijifuta macho.

Kisha baba akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo, "Nina kiu."

"Najua, baba," Chiriku akasema. Hakuinuka. Alivuta kiti karibu zaidi, akamshika mkono.