Redio ya Chini ya Jukwaa

Redio ya chini ya jukwaa ilikuwa ikisoma Kurani mchana na usiku tangu kabla Fundi Wagdi hajaajiriwa kushughulikia umeme wa ukumbi ule wa maigizo, na hakuna aliyewahi kuizima. Pale mjini Tanta hata muuza viatu akifunga duka huiacha redio ikisoma, mahali patupu pasije pakapata wenyeji wengine, wale wasioonekana. Ila redio hii ilivuta umeme kwa waya mwembamba wa nyumbani, na mkaguzi wa umeme aliyekuja wiki ya mazoezi hakutaka kusikia habari za wenyeji.

"Fundi, jukwaani ni kebo nene ya mpira tu," alisema, akiushika waya kwa vidole viwili kama mkia wa panya. "Huu ukikanyagwa unachubuka, ukichubuka mnaungua nyote. Nikiukuta tena nafunga ukumbi."

Binti yake Wagdi, Nivin, alikuwa amepata nafasi yake ya kwanza, bibi harusi katika mchezo wa Alhamisi, na ukumbi ukifungwa ingekuwa msiba nyumbani. Akauchomoa waya. Ukimya uliofuata haukumpendeza hata kidogo, akajiambia kesho atavuta kebo nene.

Kesho ikaja na kazi zake. Kwanza alikuta kebo ya taa, aliyoilaza imenyooka nyuma ya pazia kama kanuni inavyotaka, imeviringwa vizuri chini ya kiti cha bibi harusi.

"Nani mjinga anaviringa kebo yenye umeme?" aliwafokea wapanga jukwaa. "Mnataka ichemke?"

"Wallahi hatujaigusa, Fundi."

Akainyoosha. Aliporudi kutoka kunywa chai ilikuwa imejiviringa tena pale pale, ikinuka nywele zilizoungua, na alipoigusa ilikuwa ya moto ingawa swichi yake alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana ule Nivin alikaa kwenye kiti kufanya mazoezi, miguu mitupu, kisha akamwita baba yake kwa kunong'ona.

"Baba, nani anaunguruma huku chini?"

"Anaungurumaje?"

"Kama friji. Halafu anataja jina langu."

Wagdi alimvuta binti yake kutoka kitini, akashuka chini ya jukwaa mbio akijigonga kwenye mbao, akachomeka redio kwa kebo nene iliyo halali, akichanganya nyaya kwa haraka, na redio ikawaka taa yake nyekundu lakini badala ya msomaji ukatoka mngurumo ule ule, mzito, karibu kabisa na sikio, na ndani ya mngurumo jina la mwanawe likitajwa polepole kama mtu anayejifunza kulitamka.

Shehe Abdel-Bari aliletwa kabla ya alasiri. Alikaa sakafuni mbele ya kiti, akasoma, akanyunyiza maji yake ya dua kando, maana Wagdi alimsihi asiimwagie kebo. Kebo ikaanza kujikunjua yenyewe, pindi baada ya pindi, ncha yake ikateleza hadi kwenye unyayo wa Nivin aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake. Kisha ikatulia, baridi.

"Ametoka kwenye kebo," Shehe alisema akijifuta jasho. Watu wakamshukuru Mungu, na hakuna aliyeuliza ameelekea wapi.

Jioni nyumbani walikula bamia, Nivin akicheka, akisema Alhamisi atawaliza watu. Katikati ya chakula umeme ukakatika mtaa mzima, kama ilivyo kawaida ya kiangazi. Feni ikasimama, friji ikanyamaza.

Mngurumo haukunyamaza. Wagdi akapapasa gizani, akaweka sikio mgongoni kwa binti yake, na mgongo ulikuwa wa moto.

"Baba," alisema Nivin kwa upole, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "usihangaike. Humu mna joto zaidi."

Wagdi akaanza kumpapasa mabegani, shingoni, nyuma ya masikio, akitafuta swichi huku analia.