Kona Isiyo na Moto

Bamba lilikuwa moja na mikono iliyolishika ilikuwa minne. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye soko la vyuma chakavu, mahali ambapo watu husukumana kwanza na kuombana radhi baadaye, wakikumbuka. Ncha moja ya bamba ilishikwa na mwanamke aliyefunga kitambaa cha njano kichwani. Ncha ya pili ilishikwa na mwanamume mrefu, ovaroli yake ya bluu imejaa matundu madogo madogo ya cheche za moto.

"Kaka, hili nimeliona mimi kwanza," mwanamke alisema.

"Kuona umeona, dada. Mimi nimelishika."

"Na mimi nimeshika nini, mkia wa ng'ombe?"

Mwanamume akacheka, na mtu akishacheka ameshindwa nusu. Akauliza la kazi gani. Mwanamke akamweleza, bila kuachia ncha yake, kwamba anawapikia chakula cha mchana wafanyakazi themanini wa kiwanda cha kushona nguo. Kwa vikaango vyake vidogo, wa mwisho akipata sahani yake wa kwanza ameshaanza kuona njaa tena. Anataka kitu kipana, mayai na kabichi na vitunguu na unga kidogo vimwagwe vyote kwa pamoja, vikatwe vipande, kila mtu apewe na mkate wake. Chakula cha haraka, cha bei nafuu, na kinachoshibisha.

"Mimi nilitaka kutengenezea geti," alisema yule mwanamume. "Geti kazi yake kuzuia watu. Chukua wewe."

Hakuishia hapo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake mitaa miwili tu kutoka kiwandani, na akajitolea kulitia bamba miguu na sanduku la mkaa chini yake. Pale mtaani aliitwa Fundi tu, na yeye mwanamke aliitwa Mpishi, na sisi tutawaita hivyo hivyo.

Jioni ya siku Fundi alipolipeleka bamba, alipiga simu.

"Bamba limeshindaje?"

"Halijambo. Linakusalimu."

"Na mwenye bamba?"

"Mwenye bamba hakutuma salamu," Mpishi akajibu, akajiona amekaa kitandani anachekea ukuta.

Chumba kilikuwa kimoja, na ukuta huo ndio uliokuwa ukimwona akicheka na akilia. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Mdogo wake wa kike alimsaidia kazi kiwandani, lakini ikifika saa tisa alikimbilia kwa mume na watoto wake. Mpishi alibaki kulikwangua bamba, akila makombo akiwa amesimama, kisha akaenda nyumbani kunywa chai. Anayelisha watu themanini hakuna anayemuuliza kama amekula. Ndivyo dunia ilivyo, na mimi naona si haki.

Sasa lile sanduku la mkaa. Chuma kilimpungukia Fundi, likatoka fupi kuliko bamba, na kona moja ikawa haipati moto. Aliomba radhi, akaambiwa asijali. Mpishi aliipenda kona ile tangu siku ya kwanza, maana kitu ukikiweka pale hubaki na joto lake wala hakiungui. Fundi alikuja kula kila siku, tena kila siku amechelewa, kwa kuwa wateja wake walimjia saa za mchana. Basi kila siku Mpishi alikata kipande chake mapema, akakiweka konani na kukifunika kwa bakuli. Hakuna aliyepewa kipande kile, hata angelia. Uwanja mzima wa kiwanda ulielewa maana yake. Mdogo wake alishaanza kumwita Fundi shemeji.

Miezi mitano ilipita hivyo, na Mpishi akaamini kwamba Fundi naye ameelewa. Masikini, Fundi alidhani anayechelewa hupewa kilichobaki. Kuna wanaume ambao jambo usipowaambia kwa mdomo, hata uwapigie ngoma hawasikii.

Alhamisi moja alikaa juu ya kreti, akala, akamtazama Mpishi akikwangua bamba.

"Hivi wewe unakula saa ngapi?"

"Nikishamaliza."

"Na nani?"

"Na mwiko."

Alisema kwa utani, lakini Fundi hakucheka. Alisema si vizuri, akarudisha sahani na kwenda zake. Na yeye alikuwa mtu wa mkate na redio, kwenye chumba nyuma ya karakana. Neno lile lilimgusa palipouma. Mpishi naye, njia nzima ya kwenda nyumbani, alijiuliza mtu anamwuliza mjane anakula na nani kwa sababu gani kama si moja. Akakata shauri. Jumatatu ataweka vipande viwili konani, chake na cha Fundi, na Fundi akija watakaa wale pamoja. Akamwambia mdogo wake. Ijumaa akaenda kusuka nywele.

Ijumaa hiyo hiyo msimamizi wa kiwanda alimkuta Fundi langoni, akamnyooshea sahani. Yai lake halikuiva vizuri, lilitoka pembeni kwenye kona mbovu. Akauliza hiyo ni kazi ya fundi gani. Waliokuwa karibu wakacheka. Fundi alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa kazi yake. Jumapili, kiwanda kimefungwa, alimbembeleza mlinzi amfungulie, akachomelea mchana kutwa hadi sanduku la mkaa likafika ncha zote nne. Hakumwambia Mpishi. Alitaka iwe zawadi. Alinunua na shati jipya, jeupe, la kuvaa siku ya kupongezwa.

Jumatatu mdogo wake Mpishi ndiye aliyewasha moto. Aliona sanduku limeongezwa, akadhani dada ameagiza, akalijaza mkaa. Mpishi alikuwa upande wa pili anapiga mayai, nywele zake mpya zimefungiwa kile kitambaa cha njano. Foleni ilipoanza kusukumana alikata vipande viwili, akaviweka konani, akavifunika, akageukia watu wake.

Harufu ndiyo iliyomwita. Alipofunua bakuli alikuta vipande viwili vyeusi vimeshikana na chuma. Akainama, akaona chuma kipya chini ya kona, kimechomelewa vizuri, mshono umesuguliwa ukanyooka. Mkono ule aliufahamu. Akasimama na mwiko wake mbele ya watu themanini, na moyo ukamwambia: amekujibu. Alijua kona ile ni yake, na amekuja kuifunga kimya kimya ili asikwambie usoni.

Fundi alifika saa nane na nusu na shati lake jeupe.

"Umeona kazi?" akauliza.

"Nimeiona. Asante, Fundi. Chakula kimeisha."

Mpishi aliendelea kukwangua weusi uliogoma kutoka, hakuinua uso. Kesho yake pia chakula kilikuwa kimeisha. Kesho kutwa Fundi hakuja. Naye alikuwa amejipigia hesabu zake: alivumiliwa bamba lilipokuwa na kasoro, sasa limekamilika, fundi wa nini tena?

Fundi alipiga simu, mara moja tu. Mpishi aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Siku nne baadaye Mpishi akapiga, na Fundi alikuwa anakata vyuma, hakusikia. Alipoiona usiku aliona ameshachelewa, na labda ilipigwa kwa bahati mbaya. Kila mmoja akabaki na kiburi chake, na kiburi hakiliki. Wiki tano zilizofuata Mpishi alipika kama kawaida. Watu walisifu kwamba siku hizi chakula kinaiva pande zote. Akirudi chumbani hata chai alikuwa hachemshi. Alikaa tu, akisikiliza majirani wakigombania nyama upande wa pili wa ukuta, akiwaonea wivu hata ule ugomvi wao.

Wiki ya sita mdogo wake aliona dada anakonda, akaingia karakana bila hodi.

"Ulikuwa na haja gani kumchomea dada yangu chakula?"

Fundi akavua miwani. Hakuelewa. Ikabidi aelezwe kama mtoto: kona, bakuli, miezi mitano, na Jumatatu ile.

"Vipande vya mwisho vilikuwa viwili," mdogo mtu akasema. "Chako na chake. Alisuka na nywele."

Fundi alikaa juu ya vyuma. Aliuliza tu, "Viwili?" Akajibiwa viwili.

Siku iliyofuata alifunga karakana saa sita, mteja amesimama mlangoni. Alikuja na ovaroli yake, akapanga foleni nyuma ya watu sabini na tisa. Zamu yake ilipofika Mpishi aliinua kichwa, mkono ukabaki hewani.

"Sikujua," Fundi alisema. "Wallahi sikujua ni yangu. Nilidhani ni aibu yangu, nikaiondoa."

"Miezi mitano ulikuwa unakula nini, Fundi?"

"Mabaki. Nikashangaa mabaki ya hapa matamu."

Mtu nyuma akasema wasogee, wengine wana njaa. Fundi akatoka kwenye foleni, akachukua beseni, akaanza kuosha sahani. Aliziosha zote hadi uwanja ukabaki mtupu na mdogo mtu akaaga mapema kuliko kawaida yake. Ndipo akajifuta mikono.

"Mimi nina miaka arobaini na mbili na nimechoka kula na redio," akasema. "Nataka unioe, au nikuoe, sijui inasemwaje. Nataka tule pamoja."

Mpishi alitazama bakuli la mchanganyiko, halikuwa na kitu, safari hii kweli. Akachochea mkaa, akachukua mayai. Alivunja sita kabla hajajizuia, maana mkono ulizoea trei nzima nzima za mayai. Akatia kabichi, akashika kopo la chumvi, akasimama.

"Nini?" Fundi akauliza.

"Chumvi ya watu themanini naijua nimefumba macho," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ya wawili nimesahau."

"Kisia."

Akakisia. Ikazidi, tena sana. Walikaa juu ya kreti mbili, magoti yamegusana, wakala hivyo hivyo mpaka chakula kikaisha.