Kadi Nne za Miungu

Kadi nne zilikuwa zimeibwa: Moleki, Nergali, Refani na Tamuzi. Inspekta, mama wa makamo aliyezoea kuitwa penye maiti, alisimama mbele ya kabati la droo na kujiuliza amemkosea nini mkuu wake wa kituo.

Mwenye kadi aliitwa na wote Profesa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiandika kamusi ya miungu ya kale na maneno magumu ya Maandiko. Kila neno lilikuwa na kadi moja tu, kwa mkono wake, bila nakala. Kesho yake ingeletwa mashine ya kupiga picha kila kadi, mbele na nyuma, na leo droo nne zilikuwa na mapengo.

Kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Wenye ufunguo walikuwa watatu: Profesa, mkewe na karani. Na katika kila pengo palikuwa na kikaratasi chekundu.

"Hiki ni nini?"

"Utaratibu wetu, afande," alisema karani. "Ukitoa kadi unaweka chekundu mahali pake, mpangilio usivurugike."

"Mwizi gani huyo anayeacha risiti?"

Profesa hakuona haja ya upelelezi. Karani huyu ni mlokole, alisema. Miaka kumi amenung'unika kwamba miungu ya uongo imepewa kurasa nyingi kuliko manabii. Moleki wa kuteketezewa watoto, Nergali wa watu wa Kuthi, Refani na nyota yake, Tamuzi wa kuliliwa na wanawake. Asiyeona ni nani?

"Mfunge pingu," alisema. "Nimefuga nyoka."

Karani alikuwa na watoto watano na hakujua kazi nyingine. Mke wa Profesa aliingia na birika, akaanza kumimina chai. Hakumtazama mtu.

Inspekta alifungua droo nyingine. "Mzee, Baali yupo. Dagoni yupo. Anayechukia miungu anaachaje wakubwa wao?"

Inspekta aliomba daftari la kadi, akapitisha kidole taratibu. Kila kadi iliandikiwa tarehe yake. Zile nne ziliandikwa siku moja, mwaka wa kwanza wa kazi.

"Wiki ile nilikuwa kwenye miungu ya mataifa," Profesa alieleza. "Kadi baada ya kadi."

Inspekta alichomoa kadi ya wiki hiyohiyo, Merodaki, akaigeuza. Nyuma palikuwa na robo ya ankara ya umeme.

"Karatasi zilikuwa adimu," alisema Profesa. "Tulikata zilizokwisha kutumika. Moja inatoa kadi nne."

"Nani alikuwa anakata?"

"Mke wangu."

Vikombe vilikuwa vimejaa zamani, lakini mkewe bado alikuwa amesimama na birika lake.

"Mama," inspekta alisema kwa upole, "nyuma ya zile nne kuna nini?"

Mama aliweka birika chini. Akatoa bahasha kifuani, akaizungusha mkononi.

"Barua ya mama mkwe. Hakujua kuandika, aliandikiwa na jirani." Akamgeukia mumewe. "Alikuwa amenikataa, unajua. Nilisoma mstari mmoja: mwanangu, naumwa, rudi nyumbani. Nikajisemea, ukienda utaozwa mwingine. Mara ukafungua mlango, nami nina mkasi mkononi. Nikaikata pamoja na zingine. Jioni naikuta umeshaiandika miungu. Ningezitoa, ungeuliza. Lakini kesho mashine ingepiga picha hata migongo yake; nikazitoa, nikaweka vyekundu nisikuvurugie mpangilio."

Profesa alitafuta kiti kwa mkono kama kipofu, akakaa. Miaka yote hiyo alikuwa akisema mama yake alikufa bila kumwita. Hakukanyaga kaburini hata mara moja, na mtu akilitaja jina la marehemu mezani, yeye huondoka.

"Mbona hukuzichoma?" inspekta aliuliza.

"Kiberiti nilishakiwasha. Nikasema ngoja niziunganishe, nisome mpaka mwisho." Akaishika bahasha kwa mikono miwili. "Anasema, 'Njoo na mkeo. Nataka kumwomba radhi.'"

Akalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Karani alitazama chini kwa aibu isiyo yake.

Inspekta aliuliza kama mashtaka yaendelee. Profesa alitikisa kichwa. Alimwomba karani msamaha, maneno mawili matatu tu yaliyomtoka kwa shida, kisha akanyoosha mkono kwa mkewe apewe bahasha. Alipanga kadi nne mezani, akaipindua miungu yake kifudifudi, akaanza kumsoma mama yake.