Kistari cha Chaki Kando ya N

Nilifika kwa mjane wa fundi cherehani saa kumi na mbili jioni, nikitoka kumfundisha udereva bwana mmoja aliyeligonga pipa la taka kisha akalilaumu pipa. Nilikuwa hoi. Lakini mjane alikuwa amenipigia simu mara tatu.

"Mwalimu, njoo unifundishe lile gari," alisema. "Likikaa tu pale uani, silali."

Sikutaka kwenda, na nitasema ukweli tangu mwanzo: niliogopa. Udereva marehemu nilimfundisha mimi, na gari lile ndilo lililomuua miezi miwili nyuma, mbele ya geti lake mwenyewe. Alishuka kufungua, likamfuata kwenye mteremko wa ua, likambana. Msibani watu walisema ajali haina kinga. Mimi nilikuwa najua zaidi yao, nikainamisha kichwa na kunyamaza.

Mjane alinipokea na viatu vyake vyeupe vya kazi mguuni, maana ni muuguzi na ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu. Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Alinipa ufunguo, nikamrudishia.

"Dereva ni wewe, shemeji. Mimi nakaa pembeni."

Tulipofunga milango, harufu ikanipiga puani. Mafuta ya cherehani... na kitambaa kilichotoka kupigwa pasi.

"Unaisikia?" alininong'oneza.

"Gari lililokaa sana hunuka hivyo," nikamjibu. Njia ya mwongo fupi. Macho yangu yalikuwa yameshashuka kwenye gia. P, R, N, D. Kando ya N palikuwa na kistari cheupe cha chaki.

"Alichora yeye," mjane alisema. "Sijakifuta."

Nilikijua. Kilichorwa mbele yangu. Mimi nimekulia kwenye magari ya klachi: ukisimama unaweka nyutro, unavuta handibreki, unashuka. Otomatiki zilipojaa mjini nikahamia nazo na mazoea yangu yaleyale. Fundi aliponiuliza afanyeje akishuka dakika moja tu kufungua geti, nilimjibu kama mjuzi. "Weka N, vuta handibreki, inatosha. P ni ya kulaza gari, ukiitia kila saa utaimaliza gia." Hata sijui niliuokota wapi upuuzi huo. Akachomoa mfukoni chaki yake ya kupimia nguo.

"Hapa, mwalimu?"

"Hapohapo, fundi."

Handibreki yake ilikuwa imelegea. N haishiki magurudumu. Na ua ule, kama nilivyosema, una mteremko.

Sasa nilikuwa nimekaa karibu na mkewe, nikijikohoza. "Shemeji, sikiliza. Mguu kwenye breki ndipo uguse gia. Ukishuka, hata kama ni kuokota sindano, breki kwanza, weka P, vuta handibreki, zima, toka na ufunguo."

"Yeye hukumwambia hivyo?"

Alikuwa ananitazama machoni.

"Nilimwambia."

Akawasha. Gari lilinguruma kidogo, likatulia kwenye P. Nikaona geti bado limefungwa, na sikuwa tayari kumtuma yeye pale mahali. Nikamwambia akae vilevile, miguu mbali na pedali, asiguse kitu. Nikavuta handibreki mwenyewe hadi mwisho, nikashuka.

Kigiza kilikuwa kimeanza kuingia. Geti lilikuwa limenyooshwa kwa nyundo baada ya ajali, lakini bonde lilibaki kwenye bati, usawa wa kiuno changu. Komeo lilikuwa gumu. Nikalivuta... likagoma.

Nyuma yangu, kitu kikalia.

Kra.

Nikageuka. Taa za nyuma zilimulika ukuta kwa weupe. Gia ilikuwa imepita kwenye R, rivasi.

Kra.

Taa zikazimika.

N.

Gia haitoki kwenye P bila mguu kwenye breki. Ndilo somo langu, nimelirudia mpaka ndotoni. Na kupitia kioo nilimwona mjane amekunja miguu juu ya kiti, viganja mdomoni.

Gari likaanza kuteremka. Halikukimbia. Lilikuja taratibu, kokoto zikivunjikavunjika chini ya matairi. Mjane akashusha mguu akakanyaga breki, nikamsikia akilia kwamba haizami, haizami, kama kuna mguu mwingine chini yake.

Nikatupa mgongo kwenye lile bonde. Kulia ukuta, kushoto ukuta.

Harufu ya pasi ikanijaa kinywani. Kisha sikioni, kwa upole na adabu zake zote...

"Hapa, mwalimu?"

"Siyo hapo!" nikapiga kelele. "Siyo hapo, fundi! Nilikudanganya! Nilikuambia N, nikawaficha watu! Ni P! Mimi ndiye niliyekuua!"

Kra. Kra.

Bampa lilisimama likiwa limeigusa suruali yangu.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilipofika dirishani, gia ilikuwa kwenye P, na juu ya kirungu chake kulikuwa na alama za vidole vinne, vyeupe kwa chaki. Mjane hakuwa akilia tena.

"Shemeji, nisamehe," nilisema. "Umesikia."

"Nilikuwa najua, mwalimu. Alishaniambia."

"Kabla hajafa?"

Alitikisa kichwa.

"Jana."

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu husikia kisa hiki somo la kwanza, na jina langu silifichi. Nilidhani nikisema nitapumzika. Mjane gari aliliuza, na sasa analala. Mimi ndiye nisiyelala, kwa sababu kila asubuhi nikifungua gari la shule ya udereva nakuta kistari cheupe kando ya N. Nakifuta kwa kitambaa, simwambii mtu. Kesho yake kimerudi.

Juzi nilichelewa. Nilimkuta mwanafunzi mpya, binti muuza maua, amekwisha kukaa kwenye usukani akinisubiri. Kistari kilikuwepo, nilikuwa bado sijakigusa. Nikamwonyesha P kwa kidole, akacheka.

"Mwalimu, kwani na wewe unashona kama mama yangu?"

Nikatazama mkono wangu. Vidole vyote vilikuwa vyeupe kwa chaki.